Siku Niliyobaki Rehani kwa Msasa

Mkwe wangu watu humwita Mkate. Jina alilopewa na wazazi wake ni zuri tu, lakini mtu akisambaza mikate miaka na miaka, nani atahangaika kutafuta jina jingine? Hata mimi nikikasirika humwita hivyo moyoni. Kwa mdomo namwita baba, kwa sababu ni baba wa wajukuu wangu. Yeye huniita Mama, ingawa aliyetuunganisha, binti yangu wa pekee, tulishamzika.

Nasema habari zake kwa sababu mtaani kwetu kuna midomo. Wengine wanasema mimi nilitaka kumuuza mkwe wangu, wengine wanasema yeye ndiye aliyeniuza mimi, bibi mzima, kwa fundi pikipiki. Hakuna aliyemuuza mwenzake. Aliyekaa kwenye lile benchi mpaka kiuno kikafa ganzi ni mimi, kwa hiyo nitasema mimi.

Kwanza mumjue mtu mwenyewe.

Binti yangu alikuwa anauza kwenye duka la kona, na Mkate alikuwa analeta mikate pale kwa baiskeli, kreti mbili nyuma na moja ameifunga mbele, halafu yeye mwenyewe katikati kama amebanwa mlangoni. Mimi kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu. Pasi ya mkaa, barazani kwangu, tangu kabla binti yangu hajazaliwa. Ukiwa na kazi hiyo unawajua watu kwa kola. Mlevi ana kola yake. Mwenye haraka ana yake. Anayelala kwingine ana yake, na hiyo ndiyo ngumu kutakata. Siku Mkate alipokuja kuposa, nilimtazama shingoni kabla sijamtazama usoni. Kola yake ilikuwa imefumuliwa, ikageuzwa, upande uliochakaa ukafichwa chini, ikashonwa upya kwa sindano ya mkono.

Alipoondoka nikamwambia binti yangu, "Huyu ana shati moja."

Akanijibu, "Ndiyo, Mama, lakini ameligeuza mwenyewe."

Nilikataa kidogo kwa heshima ya nyumba, halafu nikakubali. Wakakaa kwangu, maana nyumba ina vyumba viwili na mimi sikuwa na mwingine wa kumpa kimoja. Wakapata mtoto wa kike, kisha mwingine wa kike. Halafu binti yangu akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia alale. Akalala, homa ikapanda, tukampeleka hospitali, akarudi amefunikwa.

Msiba ulipokwisha, kila mtu alikaa kusubiri Mkate aondoke. Hata mimi. Mwanamume aliyefiwa na mke anatafuta nini ukweni? Lakini asubuhi alichukua baiskeli akaenda kubeba mikate, na jioni akarudi, akakohoa mlangoni kama alivyokuwa akikohoa siku zote ili nijue mkwe anaingia, akaweka mezani mkate uliobonyea, ule ambao maduka huukataa. Kesho yake hivyo hivyo. Hakusema anakaa, hakusema anaondoka. Maneno yake ya mwaka mzima ungeyatia ndani ya kiberiti na njiti zikabaki na nafasi. Mimi nami sikumuuliza. Ningemuulizaje? Ningesema, wewe kijana, kwa nini huendi? Na kama angeenda je?

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Watoto wakala mkate uliobonyea, wakakua.

Kisha bekari ikapata msimamizi mpya. Huyu alitaka mkate ufike dukani ungali na joto, akasema baiskeli ni za kwenda kuoga mtoni. Mwenye pikipiki abaki, asiye na pikipiki mwisho wa mwezi akabidhi kreti. Tena Mkate goti lake la kulia lilikuwa limeanza kuvimba. Jioni lilikuwa kama limemeza limau. Alinieleza habari hiyo kwa maneno machache sana.

"Mama, wanataka pikipiki."

"Na usipokuwa nayo?"

"Ndiyo basi."

Wiki ile ile nikasikia jambo ambalo halikunihusu. Mkate ana kaka yake kwao, mbali, ukishika barabara kuu ukapita mizani ya malori ukaendelea mpaka uchoke. Kaka huyu ana sauti isiyohitaji simu. Angefungua tu dirisha tukamsikia. Mkate alikuwa chumbani, mimi barazani, na kaka mtu akawa ananguruma: "Njoo zako huku! Kazi ipo kwenye machimbo ya mawe, chumba kipo, na mtu wa kukupikia yupo, anakungoja wewe tu! Huko umebaki kwa nani? Mke hayupo! Kwa yule bibi?"

Nikangoja asikie jibu. Nikangoja na mimi nilisikie.

Mkate akasema, "Sawa, kaka."

Sawa gani? Sawa nakuja, au sawa umeshasema, nyamaza? Niliposhtuka, moshi ulikuwa unapanda puani. Nilikuwa nimeunguza shati la mwenye duka la dawa, mgongoni, alama kamili ya pasi. Maisha yangu yote sijawahi kuunguza nguo ya mtu.

Siku hiyo ndiyo niliyoamua. Nilikuwa na fedha zangu nimeziweka kwa ajili ya kuzikwa. Msicheke. Mama yangu alizikwa kwa mchango wa bakuli, watu wakichungulia nani ametoa nini, nami nikaapa mimi hapana, mimi nitazikwa kwa jasho langu na sanda yangu. Nikazitoa zote. Nikazifunga kwenye kitambaa, nikakifunga kiunoni ndani ya nguo. Nikamwambia Mkate, "Baba, kesho usiende kazini. Tunakwenda kwa Msasa."

Msasa ni fundi. Wamempa jina hilo kwa sababu hawezi kuona kitu bila kukisugua. Wanasema hata mkewe alimpiga msasa kwanza ndipo akamposa. Yeye hununua pikipiki zilizokufa akazirudisha. Na pikipiki niliyokuwa nimeisikia inauzwa, mimi naijua tangu ikiwa maiti. Ilikuwa ya bwana afya mmoja aliyehamishwa, akaiacha nyuma ya nyumba, akasema ataifuata. Hakuifuata. Mvua ikainyeshea, jua likaichoma, kuku wakatagia kwenye kiti kilichopasuka. Kila aliyepita aliondoka na kipande: huyu kioo, yule taa, mwingine kifuniko cha tangi. Nilipokuwa napeleka nguo za watu upande ule niliiona inazama kwenye majani mwaka hadi mwaka, mpaka ukabaki mkono mmoja tu umechomoza, kama mtu anayezama anaomba avutwe.

Sasa tulipofika kwenye kiwanja cha Msasa, sikuamini. Nyekundu iliyoiva, tangi linang'aa mpaka niliona kilemba changu ndani yake. Kiti kipya cheusi kimeshonwa mishono ya karibu karibu. Kila spoki ya gurudumu imesuguliwa peke yake. Ilikuwa kama mgonjwa aliyetoka hospitali akapitia kwa kinyozi kabla ya kwenda nyumbani.

"Kutu yote nimeitoa kwa mkono, bibi," Msasa akasema, anaipapasa kama ng'ombe. "Ndani ya tangi nilitia kokoto nikalitikisa siku nzima mpaka kutu ikatapika. Kabureta nimefungua, plagi mpya, cheni mpya, breki mpya. Huyu ni mfu aliyefufuka."

"Waliofufuka hawali sana?"

"Huyu? Kikombe cha petroli mpaka kesho."

"Hivyo ndivyo wanavyosema waposaji wote."

Jirani yake, mchomelea vyuma wanayemwita Cheche, alicheka nyuma ya miwani yake myeusi mpaka akaacha kuchomelea. Mkate hakucheka. Alikuwa amechuchumaa, anatazama injini, mkono umesimama hewani kama anaogopa kuichafua. Aliwahi kujifunza pikipiki kwa mwenzake wa bekari, lakini ya kwake mwenyewe hajawahi hata kuiota.

"Ajaribu," nikasema.

Msasa akaenda ndani, akatoka na chupa ndogo ya soda yenye petroli isiyofika nusu. "Ya kujaribia naweka hii tu, isimpe mtu tamaa ya safari. Na lazima kitu kibaki hapa."

Mkate akatoa simu yake.

"Simu sitaki," Msasa akasema. "Kuna kijana aliniachia simu, kumbe ni ganda tupu, ndani ametia kipande cha sabuni iwe na uzito. Pikipiki ikaenda, nimebaki na sabuni. Nimeiogea. Bibi, niachie tu hiyo fedha mliyokuja nayo, akirudi tunamalizana."

Mkono wangu ulikwenda kiunoni wenyewe. Hapo ndipo ukaidi wangu uliponifikisha pabaya. Mtu mwingine angeacha fedha, akaketi, akangoja, yakaisha. Mimi nikasema, "Fedha yangu haikai mkononi mwa mtu kabla kitu changu hakijakaa mlangoni kwangu."

"Sasa itabaki nini?"

"Nitabaki mimi."

Cheche akapiga yowe. "Msasa, utamweka wapi? Huyu anahitaji kulishwa!"

"Mimi sili vya bure. Na wewe vua hiyo miwani unaposema na mtu mzima."

Akaivua.

"Na asiporudi, bibi?" Msasa akauliza. Hakuwa anacheka.

"Asiporudi, fedha iliyo kiunoni kwangu ni yako, na aibu ni yangu."

Mkate akanisogelea, akasema chini chini, "Mama, hapana. Waachie fedha tu."

"Nenda ukazunguke uwanja wa mpira, urudi. Kwani unakwenda wapi?"

Nilisema kwa mzaha. Lakini aliniangalia muda mrefu, mrefu kuliko kawaida ya mkwe kumtazama mama mkwe, mpaka nikajifanya narekebisha kilemba. Kisha akapanda, akapiga kiki. Ikawaka mara ya kwanza. Msasa akatuangalia wote kama aliyejifungua pacha. Mkate akatoka kiwanjani polepole, akafika barabarani, akakunja kona, na mlio ukaenda ukipungua mpaka ukachanganyika na milio mingine.

Nikakaa kwenye benchi.

Mwanzoni ilikuwa raha tu. Nilimwona Msasa akimsugua mwingine, pikipiki ya kijani iliyokuwa bado nusu mzoga. Akaja mnunuzi, mtu wa kitambi, akauliza, "Ile nyekundu iko wapi?"

"Imekwenda kujaribiwa," Msasa akamwambia, akaninyooshea kidole. "Rehani yake ndiyo hii."

Yule akanikagua juu mpaka chini. "Hii ni ya mwaka gani?"

"Ya zamani," Cheche akadakia, "lakini injini haijawahi kufunguliwa!"

"Na breki sina," nikawaambia, "kwa hiyo mnipishe."

Wakacheka mpaka wakashika magoti. Nami nilicheka. Lakini katikati ya kicheko nikaona nimegeuza shingo kuitazama ile kona, na kona ilikuwa tupu.

Jua likasogea. Kivuli cha paa kilichokuwa miguuni kwangu kikaniacha, nikahamia upande wa pili wa benchi kukifuata. Watu wakaja wakaenda. Kila pikipiki iliyokunja kona, moyo wangu ulisimama na mimi karibu nisimame nao. Nyeusi. Ya buluu. Nyekundu, lakini amepanda mwanamke na mtungi wa gesi. Msasa alikuwa ametulia bado. "Petroli ile haimfikishi mbali, bibi. Huenda anajifunza gia." Baadaye akawa hasemi tena habari za gia. Akawa anakwenda mpaka barabarani, anaweka mkono kwenye paji la uso, anarudi, anasugua pale pale alipokwisha kusugua.

Nilianza kuhesabu mambo moyoni. Asiporudi, fedha ya kuzikwa imekwenda. Haya, nitazikwa kwa bakuli, wafu hawaoni haya. Lakini watoto? Walikuwa kwa jirani, nimewaambia bibi na baba wanarudi sasa hivi na kitu chekundu. Mkubwa meno ya mbele yameng'oka yote, mdogo bado hutaka kubebwa. Kwa pasi yangu moja nitawalisha nini? Macho yenyewe siku hizi sioni mkunjo mpaka niupapase. Na nitawaambia nini wakiuliza? Mama yao tuliwaambia amelala. Baba yao nitawaambia amezunguka uwanja?

Niliomba. Na nitasema nilichoomba, kwa sababu nimeamua kusema kweli. Niliomba mkwe wangu awe ameanguka. Niliomba awe amelala mtaroni na mguu umevunjika, maana aliyeanguka huokotwa, akarudishwa kwake, akalazwa kitandani, na mimi ningemuuguza mpaka mwisho wa dunia. Nani mwingine aliyewahi kumwombea mtu wake hivyo? Lakini hali ya pili, ile kwamba yu mzima, anaendesha, upepo unampiga kifuani na mbele yake ni barabara iliyonyooka, hiyo sikuweza kuitazama.

Msasa akaja akakaa kwenye benchi, mwisho wa upande ule, kipande cha msasa mkononi.

"Bibi, nifungulie hicho kitambaa. Nataka kufunga."

"Jua bado lipo."

"Tulisema azunguke uwanja. Hatukusema azunguke dunia."

"Hakuna aliyetaja saa."

Akavuta pumzi. Si mtu mbaya, Msasa. "Huyu ni mwanao?"

"Mkwe."

"Na binti yako hajui kwamba mmekuja? Tumpigie simu, labda amepitia nyumbani."

"Binti yangu amefariki."

Akaacha kukikunja kile kipande. Akatazama chini katikati ya miguu yake. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuthubutu kujiuliza kwa sauti.

"Sasa, bibi yangu, huyo ana sababu gani ya kurudi?"

Nilifungua mdomo nimtajie. Watoto, nikataka kusema. Lakini mitaa yetu imejaa watoto walioachwa na wanaume wazima wenye akili zao. Mimi? Mimi ni nani kwake? Kizee kinachomwambia usikanyage nilipopiga deki. Nilitafuta sababu kama unavyotafuta sindano iliyoanguka sakafuni, kwa kiganja, taratibu, na sikuipata.

Nikaingiza mkono ndani ya nguo nikaanza kufungua fundo. Vidole vyangu vina makovu ya pasi, havikunji vizuri, na lile fundo nilikuwa nimelikaza kwa meno. Msasa akaangalia pembeni ili asinione. Hilo sitalisahau kwake.

"Msasa!" Cheche akaita kutoka barabarani. "Hebu njoo uone."

Alikuwa anakuja kwa miguu. Anaisukuma. Hakuwa anatokea upande wa uwanja wa mpira, alikuwa anatokea upande wa barabara kuu. Shati limemganda mwilini kama aliyetolewa kisimani, vumbi limempaka uso mpaka nyusi zimekuwa za mzee, na kila hatua goti lile la kulia lilikuwa linakataa, analiburuta, analirudisha. Hakuiachia pikipiki hata kufuta jasho. Aliisukuma mpaka mbele ya benchi langu, akaisimamisha kwa stendi yake, ndipo akashika magoti akahema.

Msasa alimkimbilia mfu wake kwanza. Akapapasa injini, akafungua tangi, akachungulia. "Petroli imekwisha. Imekuishia wapi?"

Mkate akahema.

"Nauliza imekuishia wapi?"

"Mizani," akasema.

Cheche akapiga mluzi. Kila mtu anajua mizani ya malori iko wapi. Huendi mizani kwa kupotea njia. Unapita uwanja, unapita soko, unapita bekari yenyewe, unapita nyumba za mwisho, halafu mashamba, ndipo mizani.

"Uwanja wa mpira ulihamia mizani lini?" Msasa akauliza.

Nikasimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikaishika ile pikipiki nisianguke. "Mtupishe," nikawaambia. "Nina neno na mkwe wangu."

Wakatupisha, ingawa si mbali. Cheche alijifanya anatafuta kitu chini.

"Ulikuwa unakwenda wapi, baba?"

"Nyumbani, Mama."

"Nyumbani wapi?"

"Kwetu." Alikuwa anatazama viatu vyangu. "Nilizunguka uwanja kweli. Nikasema nifike sokoni. Halafu nikaona naendelea. Ilikuwa inakwenda vizuri, Mama. Haina hata kelele."

"Petroli ikakukwamisha."

"Ikaniishia. Lakini kituo cha mafuta kilikuwa pale mbele, nakiona. Nami nilikuwa na ya kununua kidogo."

"Kwa nini hukusukuma kwenda mbele? Si karibu kuliko huku?"

Akafuta uso kwa mkono, akabaki na tope. "Sijui, Mama. Nilisimama nipumzike. Nikaona nimeshaigeuza."

Nilingoja aongeze. Ningependa niwaambie kwamba alilia, au alitaja jina la binti yangu, au alisema aliwakumbuka watoto. Hakusema lolote kati ya hayo, na mimi sisemi ambalo halikusemwa.

Msasa akarudi, akanivuta kando kwa kiwiko. "Bibi, mimi nafanya biashara, nataka kuuza. Lakini ningekuwa wewe ningechukua kitambaa changu nikaenda zangu. Huyu leo karudi kwa sababu nilimtilia kidogo. Ukimnunulia, kesho atajaza tangi."

Alisema kweli tupu. Nisiponunua, mwisho wa mwezi mikate imekwisha, na mtu asiye na kazi kaka yake akimwita ataitika. Nikinunua, nimempa mabawa kwa fedha ya sanda yangu. Nililitazama goti lake. Nikamtazama yeye, amesimama kando ya ile pikipiki bila kuigusa sasa, kama mwizi aliyeambiwa asiguse.

Nikamalizia kufungua fundo. "Andika," nikamwambia Msasa.

Akaleta karatasi ya mauzo, akaitandika juu ya kiti. "Basi fanya hivi," akaninong'oneza. "Niandike jina lako wewe. Hapo hataweza kuiuza, na akikimbia nayo utamshtaki."

"Andika lake."

"Bibi!"

"Mtu akitaka kwenda atakwenda hata kwa miguu. Binti yangu alikwenda bila viatu. Andika lake."

Akaandika. Mkate akaulizwa majina yake kamili, akayataja, na nilishangaa kuyasikia, ilikuwa zamani. Akatia sahihi. Msasa akamimina chupa nzima ya petroli bila kudai kitu, akasema ni ya kusindikizia mgonjwa.

Mkate akawasha. Akanigeukia. "Panda, Mama."

"Nipande nimkumbatie mkwe wangu katikati ya barabara, watu wapate la kusema? Tangulia. Watoto wana njaa."

"Ni mbali kwa miguu."

"Nimesema tangulia."

Alikwenda. Mara ya pili siku ile nikamwona anakunja ile kona, na safari hii hakukuwa na rehani, hakukuwa na kitambaa kiunoni, hakukuwa na kitu cha kumvuta. Cheche alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Huenda nilikuwa nimerukwa kweli. Lakini nilitaka kujua. Sikuwa na nguvu ya kukaa miaka mingine nikisikiliza kikohozi mlangoni bila kujua. Kama ni kwenda, aende leo, nikiwa nimeshaumia tayari.

Njiani sikukimbia. Nilijilazimisha hata kusimama ninunue mkaa wa kesho, nikabishana na muuzaji kuhusu kipimo, na alishangaa kwa nini nagombana hivyo kwa kopo moja la mkaa. Nilipofika kwenye kichochoro chetu miguu ilikataa. Nikasimama kwenye ukuta wa jirani. Nikasikia mtoto analia, nikajua ni wa kwangu, mdogo. Nikajikokota mpaka mwisho wa ukuta.

Pikipiki ilikuwa imesimama barazani kwangu, mahali pa meza yangu ya pasi. Meza imesukumwa ukutani. Mdogo alikuwa analia kwa sababu dada yake amekaa mbele, na yeye anataka mbele. Mkate ameketi kizingitini, mguu ameunyoosha, goti limefungwa kitambaa cha maji.

Nilitua mkaa. Nilikwenda nikamtoa mkubwa, nikamweka mdogo, kilio kikaisha upande mmoja kikaanza upande mwingine.

"Mama," Mkate akasema nyuma yangu.

"Nakusikiliza."

"Siku nikienda, nitakuaga."

Sikugeuka. Nilikuwa nimemshika mtoto kiunoni asianguke. "Utaniaga mchana," nikasema. "Si kwa ujumbe, si kwa simu."

"Mchana."

"Na watoto wasikie."

Alichelewa kidogo hapo. "Watasikia, Mama."

Ndicho nilichokinunua kwa sanda yangu. Hakuniahidi kukaa, naelewa Kiswahili, sijazeeka hivyo. Mtaani wanasema nilipunjwa. Sibishani nao.

Bado anabeba mikate. Msimamizi ameridhika, mikate inafika na joto lake, na goti limepungua. Kaka yake bado anapiga simu, bado hahitaji simu. Ila kuna jambo moja limebadilika. Zamani Mkate alikuwa akitoka asubuhi bila neno. Sasa, kabla hajapiga kiki, husimama mbele ya meza yangu, akasema, "Mama, naenda." Na mimi hubaki nimeinua pasi hewani, sipumui, namngoja amalizie.

"Kazini," husema.

Ndipo naishusha.